Mwalimu Asiyesikia

Wengi wetu tunaoandika humu tuna gitaa lililoegemezwa ukutani, na wengi tumefundishwa na simu. Wahakiki hushughulika na diwani, riwaya na tamthilia. Mimi leo naomba ruhusa nihakiki somo la gitaa la YouTube, fani na maudhui, kama tulivyofunzwa shuleni. Usicheke, ndugu msomaji. Hizo ndizo kazi za sanaa tunazozitazama kila usiku hadi bando linakata.

Mimi nilisomea Nyamwage. Ukitoka Dar unavuka Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003, unafika pale njia ya Utete inapoachana na barabara kuu ya Kusini. Nilikaa huko miezi mitatu kwa shangazi, na mwalimu wangu alikuwa Mzungu mmoja mpole wa kwenye skrini.

Kwa upande wa fani nampa heko. Kamera moja iko kwenye mkono wa kushoto, nyingine kwenye wa kulia, na chini zinapita namba za kukuonyesha uzi gani ubanwe wapi. Ukichemsha unarudisha nyuma. Kasi ikikushinda unaipunguza hadi nusu, naye hachoki wala hatukani. Huo si ukarimu mdogo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga "Masanga" huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Ukiusikiliza wimbo ule bila kuona utaapa kuna magitaa mawili, kumbe ni mtu mmoja, dole gumba na kidole cha shahada. Waliomsikia redioni walibaki kubahatisha. Leo wapo watu mtandaoni wanaouchambua noti kwa noti, na siri ya mkono wa kulia iko nje.

Kwenye maudhui ndipo tunapogombana. Somo la kwanza ni kodi tatu (si za TRA), yaani G, C na D, kisha kukwangua nyuzi zote sita juu na chini, kisha wimbo mzima wa kuimba mwenyewe. Mhusika mkuu wa somo hilo ni mtu aliye chumbani, peke yake, mlango umefungwa. Sasa muziki wa dansi haukujengwa kwa ajili ya mtu huyo. Isikilize Mlimani Park, Sikinde, iliyoanza mwaka 1978: solo, solo la pili, rithimu, besi. Kila gitaa lina njia yake, na wimbo ukifika kwenye chemko yanapishana kama ukindu kwenye mkeka. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Mombasa mwaka 1979, tunamkumbuka kwa solo. Jaribu siku moja kulizima solo hilo kichwani, usikilize kilicholibeba.

Jirani wa shangazi ni mzee aliyepiga rithimu kwenye jazz moja miaka ya sabini. Gitaa kavu hadi leo analiita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, chapa ya Afrika Kusini. (Gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa la chapa hiyohiyo, kwa hiyo mzee na Beatles ni wa darasa moja.) Nikamwendea na shikamoo yangu na kodi zangu tatu. Bwana wee, na zake zilikuwa hizohizo tatu! Nikajiona nimefika. Akaanzisha rithimu, nyuzi mbili tatu nyembamba tu, nami nikaingia kwa nguvu zote. Akasimama.

"Mwanangu, umejaa wewe. Mimi nikae wapi?"

Tukaanza upya, akasimama tena. Mara ya nne aliweka kiganja juu ya nyuzi zangu zisilie, akapiga yeye, akanitaka nitikise kichwa tu, pale ambapo yeye hapigi. Jasho lilinitoka. Miezi mitatu ya video hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze, maana aliye kwenye skrini hanisikii. Nilikuwa naharibu, naye ananipongeza mwisho wa kila somo. Waandishi wa tamthilia mtanielewa: kuna mhusika anayezungumza zamu za wenzake wote.

Nisionekane naabudu ya kale. Mzee mwenyewe alisema enzi zao mpigaji akikuona unamkodolea vidole anakugeuzia mgongo, na kuna waliobeba vyombo vya bendi mwaka mzima wakiishia kubeba vyombo tu. Ule ulikuwa uchoyo, tusiuite utamaduni. Video imeuvunja mlango huo na mimi sitaki ufungwe. Ila tumeona vidole tukadhani tumesikia wimbo.

Kabla sijarudi Dar nikamwomba nimrekodi mkono wa kulia, dakika mbili tu, niuweke mtandaoni. Solo za wakubwa zina wachambuzi wake. Rithimu kama yake sijaikuta kwenye somo lolote. Akakataa kupiga peke yake. Rithimu tupu, akasema, ni kuitika hujaitwa. Akanitaka nipige solo.

Kwa hiyo video ipo. Mkono wake uko katikati ya picha, mimi nasikika pembeni nikikosea mara tatu, na karibu na mwisho kuna mahali nimenyamaza, yeye akapita.