Uhakiki wa nyimbo usiishie kwenye maneno

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili aliniletea pendekezo la tasnifu nikalirudisha likiwa limejaa wino mwekundu. Alitaka kuhakiki nyimbo, nami nikawa namwandikia pembezoni swali lile lile: maudhui yako wapi? Hakubishana. Alinitumia albamu nzima kwa simu pamoja na ujumbe mfupi: “Prof, sikiliza hii kwanza, halafu uniambie maudhui yanaanzia wapi.”

Albamu yenyewe ni Unknown Pleasures ya bendi ya Joy Division, iliyotoka Uingereza Juni 1979. Ina nyimbo 10 na haifiki dakika 40. Wajuzi huiweka katika fungu la posti-panki, yaani muziki wa vijana waliorithi hasira ya panki lakini wakapunguza kelele na kuacha nafasi. Mbele ya jalada jeusi hamna hata jina la bendi, ila mawimbi ya redio ya nyota iliyogunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell alipokuwa mwanafunzi wa uzamifu. (Tuzo ya Nobel ya 1974 ilimwendea msimamizi wake. Wasimamizi wenzangu, mnasikia?)

Mimi ni mtu wa rumba na taarab. Nilidhani nitaizima kabla ya wimbo wa tatu. Nimeisikiliza mara nne.

Kilichonishika si maneno. Kusema kweli, mara ya kwanza hata sikuyasikia vizuri. Nilisikia ngoma kavu, kila pigo limesimama peke yake kana kwamba lina chumba chake. Peter Hook anapiga gitaa la besi kwa sauti za juu hivi kwamba besi ndiyo inayobeba lahani, na gitaa la Bernard Sumner linapita kando. Katikati mna uwazi. Humo ndimo inamotokea sauti nzito ya Ian Curtis, kijana wa miaka 22, kama mtu anayesema nawe kutoka mwisho wa korido ndefu.

Uwazi huo ulitengenezwa. Mtayarishaji Martin Hannett, katika studio ya Strawberry mjini Stockport, aliichelewesha sauti kwa mitambo na kuizungushia mwangwi. Alirekodi hata lifti ya jengo, nayo inasikika mwanzoni mwa “Insight”. Sumner na Hook hawakufurahi. Waliona moto wao wa jukwaani umepozwa. Nawaelewa. “Interzone”, wimbo wa kasi karibu na mwisho, unaonyesha bendi waliyojiona kuwa. Wimbo unaoufuata na kufunga albamu, pamoja na vioo vyake vinavyovunjika, kwangu umevutwa mno. Hata hivyo, sikio langu liko upande wa Hannett.

Hebu chukua “She’s Lost Control”. Unamhusu msichana mwenye kifafa ambaye Curtis alikutana naye katika kazi yake ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata ajira. Curtis mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo. Mhakiki wa maudhui ataandika: ugonjwa, hofu, huruma. Basi, amemaliza! Lakini sikiliza ngoma. Inakwenda vile vile tangu mwanzo, baridi kama mashine ya kiwandani, huku kopo la kupulizia likifyonza juu yake, na sauti ya mtu ikisimulia mwili uliokataa kumtii mwenyewe. Mgongano huo haumo katika maneno. Yaandike ubaoni uone kama utaupata.

Wapo pia wanaoisikiliza albamu nzima kama barua ya kuaga, ati kwa kuwa Curtis alijitoa uhai Mei 1980. Huo nao ni uvivu. Unamgeuza msanii kuwa faili la hospitali.

Nakiri kosa langu. Kwa miaka mingi nimewafundisha watu kunukuu mashairi ya taarab aliyoyaimba Zein l’Abdin, kuhesabu mizani na vina, kisha kuuacha udi wake nje ya ukurasa. Sehemu ya tatizo ni msamiati. Mwanafunzi wangu aliandika “angahewa ya wimbo”, nikalikata neno. Hapo sijutii, maana angahewa ni ya mwanajiografia. “Toni” tumeifunga kwenye msimamo wa msemaji, na “hali” ni pana kama shuka la hospitali. Napendekeza “mandhari ya sauti”. Najua mandhari ni ya jicho, lakini katika albamu hii sikio linapimia umbali: huyu yuko karibu, yule yuko nyuma ya ukuta.

Nilimwandikia hivyo, nikamwambia afute wino wangu mwekundu pembezoni. Jibu lilikuja usiku ule ule: “Asante Prof. Sasa udi wa Zein tutauandikaje?”

Nimemwambia aje Jumatatu, na aje na spika.