Diski Tupu, /boot Imejaa

Saiba nyingi za Kayole na Umoja, huku Eastlands, hutegemea kompyuta za mtumba, na baadhi ya wamiliki huziwekea Ubuntu kuepuka gharama ya leseni. Mashine inafanya kazi vizuri, ritani za KRA zinajazwa, kisha siku moja usasishaji unagoma: “No space left on device”. Ukitazama diski, gigabaiti kibao bado ziko wazi.

Kilichojaa ni /boot. Ukiweka Ubuntu kwa kufunga diski yote kwa nywila, /boot hutengewa patisheni yake, na visakinishi vya zamani viliipa megabaiti mia chache tu. Kerneli mpya nayo haifuti ya zamani, inakaa kando yake humo humo. Mla nafasi hasa ni faili ya initrd ya kila kerneli, ambayo peke yake yaweza kufika makumi ya megabaiti, hata kupita 100.

Anza na `df -h /boot`, kisha `uname -r` ikuonyeshe kerneli inayotumika sasa. Hiyo usiiguse. Mara nyingi `sudo apt autoremove --purge` inamaliza kazi na kukuachia kerneli ya akiba.

Kasheshe huja pale apt yenyewe imekwama, initrd mpya ikiwa imeandikwa nusu. Hapo orodhesha kerneli zilizopo kwa `dpkg -l 'linux-image*'`, chagua ya zamani kabisa, uiondoe kwa `sudo dpkg --purge`. Katika amri hiyohiyo taja pia linux-modules-extra ya toleo hilo, la sivyo dpkg itakataa kwa sababu hiyo extra inaitegemea linux-image. Nafasi ikipatikana, `sudo apt -f install` itamalizia kilichokatika. Wanaokimbilia `rm` ndani ya /boot wanajitafutia balaa: faili zimekwenda, lakini dpkg bado inahesabu kerneli ipo.

Usibaki na kerneli moja. Mtaani stima hupotea bila hodi, na ikipotea initrd ikiandikwa, ile ya zamani ndiyo itakayokuwashia mashine kupitia “Advanced options” kwenye menyu ya GRUB.

Wapo wanaobadilisha MODULES=most kuwa dep ndani ya /etc/initramfs-tools/initramfs.conf. Initrd hupungua kweli, ila hubeba viendeshi vya mashine hiyo tu; diski ukiihamishia mashine nyingine, huenda isiwake. Kwa fundi wa Eastlands anayehamisha diski kila mara, nashauri aache most ilivyo.