Kipimo cha Baruti

Kwa miaka mingi nilifundisha chuoni *Maisha ya Tippu Tip*, kilichochapwa Berlin mwaka 1902 na 1903, na kila mwaka nilisifu Kiswahili chake: sentensi nyepesi, hesabu makini za frasila za pembe. Baba yake Tippu Tip aliishi Tabora, kwa hiyo ni kitabu cha kwetu. Lakini nikikisoma sasa, hapa Lusu, naona upungufu.

Bunduki zimejaa humo, ila mshindiliaji hayumo.

Babu yangu alikuwa na gobore. Aliyeyusha risasi, akaimimina katika kalibu, akapima baruti kiganjani. Kwa swala wa karibu aliipunguza. Alisema mtutu mzee hauombwi nguvu za kijana. Kisha alishindilia mpaka ufito urukeruke, kwani ukiachwa uwazi kati ya risasi na baruti, mtutu huweza kupasuka. Mjomba wangu hakuwa na subira hiyo. Alipoteza vidole viwili.

Elimu ya namna hiyo waliibeba Wanyamwezi wa misafara, na rugaruga wa Mirambo hadi alipofariki mwaka 1884. Kitabu chatuambia bunduki zilikuwa ngapi, hakituambii wenye kuzibeba walijua nini.

Simlaumu sana Tippu Tip. Alisimulia habari zake. Najilaumu mimi mwalimu. Niliwauliza wanafunzi alipigana na nani. Sikuwatuma hata siku moja kwa babu zao, wakaulize baruti ilipimwaje. Leo ningewatuma, lakini wazee hao tumekwisha kuwazika.