4K kwa jina, bukari kwa macho: juu ya video zetu za safari

Bayaya na baleki, tuongee ukweli. Kila kisha likizo, telefone zetu zinajaa video za safari: maporomoko ya Lofoi, ziwa Tshangalele, balabala ya Likasi. Muziki ni mzuri, kichwa kimeandikwa "4K" kwa herufi kubwa, drone inapanda juu ya pori. Lakini simamisha video pale katikati, angalia vizuri. Maji ya Lofoi yamekuwa bukari. Majani ya miti yameshikana kama rangi ya ukuta. Na chini yake watu wanaandika "kali sana!"

Mimi nasema si kali. Na sababu si ile watu wanayotaja, kwamba telefone ni ya bei ya chini. Mara nyingi telefone ilifanya kazi yake. Picha iliharibika juu ya mipangilio ya kamera, ao siku ya kutoa faili ya mwisho.

Tuanze na namna video inavyofanya kazi. Faili ya video haitunzi kila picha nzima. Inatunza picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata inaandika paka kilichobadilika. Ukipiga mutu amekaa mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki, kwa hiyo data kidogo inatosha. Lakini maporomoko? Lofoi inaanguka zaidi ya mita 300, na kila tone la maji linabadilika kila sekunde. Majani kwenye upepo ni vilevile. Vumbi nyuma ya lori pia. Yaani vitu vyenye kufanya Haut-Katanga iwe Haut-Katanga njo vile vinavyokula data kuliko vyote. Ukiipa sekunde moja mzigo mdogo, programu inaanza kufuta vitu vidogo: majani, mawe, maji.

Mzigo huo unaitwa bitireti. Njo mpangilio wa maana kuliko yote, na njo ule watu hawagusi. Wanakimbilia neno 4K. YouTube yenyewe inapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080p yenye picha 30 kwa sekunde, na megabiti 35 mpaka 45 kwa 4K ya mwendo uleule. Sasa mutu anachukua video ya 1080p, anaivuta mpaka 4K, anaitoa kwa megabiti 10. Amefanya nini? Amepanua shamba mara nne na ameacha mbolea ileile. Sisi wa agronomi tunajua mavuno ya shamba kama hilo.

Kuna wenye kujibu: "Lakini YouTube inaipa 4K nafasi kubwa zaidi." Ni kweli, mwenye kutazama katika 4K anapewa data nyingi zaidi. Lakini nani kati yetu anatazama hivyo? Mwanafunzi wa Kasapa anahesabu mega zake. Video ya dakika 3 kwa megabiti 40 ni karibu megabaiti 900. Ileile kwa 1080p na megabiti 12 ni 270 tu, na ikifanywa vizuri inaonekana safi kabisa kwenye telefone. Kazi yenye mtazamaji hana uwezo wa kuifungua haijamfikia.

Basi mimi nashauri hivi. Futa lenzi kwanza, juu vumbi letu jekundu linashika kila mahali. Piga 1080p, picha 30 kwa sekunde, na faili ya mwisho iwe 30 vilevile. Ukipiga 30 kisha unatoa 60, programu inarudilia picha ao inabuni zile ambazo hazikuwepo. Usivute kwa zumu ya vidole, tembea, karibia. Gusa kioo na ushikilie, ili mwanga na fokasi visibadilike ovyo. Ukiwa ndani ya gari, ongeza mwendo wa shata, 1 kwa 200 ao zaidi, la sivyo miti ya kando inakuwa mistari. Usiku chini ya taa za umeme, weka shata 1 kwa 50 ao 1 kwa 100, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na kwa mwendo mwingine taa zinatetemeka kwenye picha. Mwisho, toa faili kwa H.264, megabiti 10 mpaka 12 kama kuna maji na majani mengi. Kwa WhatsApp, itume kama dokima, si kama video ya kawaida. Na kila mutu anapoipakua kisha anaipandisha upya, inafinywa tena, kwa hiyo toa faili ya kwanza, usitoe ya mkono wa tatu.

Lakini mipangilio haimalizi habari. Kuna kosa la ladha. Kwanza, kukatakata: picha 40 ndani ya dakika moja, kila moja sekunde na nusu. Jicho halipati nafasi, na programu inalazimika kuanza picha mpya kamili kila mara. Acha picha moja ikae sekunde 8. Pili, ule mpangilio wa "kunoa" picha. Hauongezi kitu ambacho kamera haikuona. Unachora mstari mweupe kuzunguka kila mti, unanoa hata uchafu wa picha, na uchafu huo unakula bitireti.

Tatu, na hapa njo panapouma: rangi. Mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua, miombo inatoa majani mapya mekundu, ya shaba, ya zambarau. Ni moja ya vitu vizuri kabisa vya nchi hii. Mutu anapiga video wakati ule, kisha anaweka filta na kila kitu kinakuwa kijani kama matangazo ya hoteli. Amefuta msimu mzima. Mleki wake wa Kinshasa ataamini kwamba Oktoba kwetu ni kijani. Na Lofoi ya mwisho wa kiangazi, yenye maji kidogo, inaonekana kama ya mwezi wa 3. Mutu atakodi gari kwa makuta ya miezi mitatu kwa kuamini picha ile.

Kuna jambo zito zaidi. Ukitoka Lubumbashi kuelekea Likasi, kando ya balabala kuna magunia ya makala, na nyuma yake pori limepungua. Katika video safi unaona visiki, unaona vichuguu vimebaki peke yake pale miti ilikuwa. Katika video ya bukari iliyopakwa kijani, pori bado ni zima. Kwa hiyo usiniambie usafi wa picha ni mapambo. Picha isiyo safi inasema uongo juu ya udongo wetu, hata kama mwenye kuipiga hakutaka.

Muji huu una shule nzuri ya jambo hilo. Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, katika kazi yake Mémoire ya mwaka 2006 aliweka wafanyakazi wa picha za kikoloni mbele ya magofu ya Gécamines. Nguvu ya kazi ile iko katika vitu vidogo: kutu, vyuma, nyuso. Ufute vile, na hoja nzima inakufa. Na biennale aliyoanzisha pamoja na wenzake mwaka 2008 ilizaliwa kwa jina la Picha. Jina ni rahisi, lakini ni deni kwetu sote wenye kushika kamera hapa.

Kwa hiyo napendekeza kipimo kimoja kabla ya kusifu video yoyote ya safari. Isimamishe sekunde yoyote. Uliza: naweza kujua kama mti huu ni muputu ao musuku? Naweza kuona balabala iko namna gani, na kama taksi itapita? Naweza kujua ni mwezi gani? Kama majibu ni ndiyo, hata kama ilipigwa na telefone ya zamani, hiyo ni kazi, tuigawe. Kama ni hapana, 4K yake tumuachie mwenyewe.