Bakuli na Upawa

Watu huandika juu ya vitabu, juu ya nyimbo na juu ya michezo ya kuigiza, wakatoa hukumu zao, na hakuna awashangaaye. Sioni ni kwa nini mbaazi za nazi zisihukumiwe vivyo hivyo. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusahihisha insha za vijana waliokuwa wakijifunza ualimu, na kwa hakika si nyingi katika insha hizo zilizotungwa kwa uangalifu kama sufuria moja ya mbaazi iliyopikwa na mama anayejua kazi yake.

Tangu miguu ya mke wangu ilipoanza kumtaabisha, asiweze tena kusimama jikoni kwa muda mrefu, imenilazimu mimi kutoka na bakuli, asubuhi na jioni, nikanunue tutakachokula. Yeye hubaki nyumbani. Nikirudi hufunua kawa, hunusa, huonja kidogo kwa ncha ya kijiko, kisha hutoa hukumu. Basi msomaji ajue tangu mwanzo kwamba maoni mengi yaliyomo humu si yangu. Hakimu ni yeye. Mimi ni tarishi tu.

Mji wetu wa Mombasa haukosi vyakula vya mezani na vya karaini. Asubuhi ni mahamri na mbaazi, vitumbua, na vibibi kwa anayebahatika kuvikuta. Alasiri jua likipoa huanza viazi vya karai, bajia, katlesi, sambusa na muhogo wa kuchoma uliopasuliwa ukatiwa pilipili na ndimu. Usiku ni zamu ya mishkaki. Mchuzi, uwe wa kuku, wa samaki au wa pweza, hupatikana kwa mama lishe wachache ambao hawana hata kibao cha jina. Wageni huelekezwa pwani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, nao hufurahia upepo, dafu na krisi za muhogo. Sina neno na hayo. Lakini mtu anayetaka kula na kushiba ataingia Majengo, au Kibokoni, au Kuze, huko vichochoroni, na ataongozwa na pua.

Niseme kwanza juu ya mbaazi, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Mbaazi hazitaki haraka. Huloweshwa usiku, huchemshwa mpaka ziive lakini zisipondeke, ndipo zikatiwa tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, likachemka nazo. Kasimile, tui zito la kwanza, huja mwishoni kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, na mpishi hukoroga polepole asiuache mkono. Akizubaa, tui hukatika. Mafuta yatajitenga juu na maji yatabaki chini, na hakuna dawa ya kulirudisha. Wako siku hizi wanaoikwepa kazi hii kwa kutia tui la unga la dukani, au kwa kutia unga wa ngano ili mchuzi uwe mzito upesi. Ukitaka kuwajua, ngoja bakuli lipoe. Mbaazi za unga huganda zikawa kama gundi ya kubandikia karatasi. Mbaazi za kasimile hutulia tu, zikang'aa.

Kuna meza moja karibu na msikiti, ambayo sitaitaja, inayosifiwa sana na vijana. Nilikwenda mara tatu, maana mara moja si haki kwa mtu yeyote. Mara zote tatu zile mbaazi zilikuwa tamu kwa sukari. Mke wangu aliweka kijiko chini akauliza kama nimeleta mbaazi au nimeleta uji. Utamu wa mbaazi utoke kwenye nazi. Anayetia sukari anaficha nazi kuukuu.

Viazi vya karai ni mtihani mwingine. Kiazi huchemshwa, humenywa, huchovywa katika rojo la unga lenye manjano na chumvi, kisha hutumbukizwa katika mafuta. Ni chepesi kueleza, na kwa sababu hiyo kila kijana asiye na kazi hununua karai. Mimi hutazama mafuta kabla ya kutazama viazi. Mafuta yaliyochoka hutoa povu jingi na moshi mapema, na harufu yake hukaa kooni mpaka usiku. Halafu nitatazama rangi. Manjano yenyewe ina rangi ya ukindu uliokauka, haipigi kelele. Ile rangi kali ya chungwa inatoka kwenye kichupa. Mwisho ni ukwaju. Ukwaju uwe umeloweshwa na kukamuliwa kwa mkono, uwe na uchachu unaofumba jicho moja, na pilipili ije baadaye, isitangulie. Kwa viazi, meza ninayoipa alama ya juu ni ya mzee mmoja wa Kuze ambaye huuza viazi na ukwaju tu, hauzi kitu kingine, na jua likizama humkuti. Nimegundua kwamba wauzaji bora wana tabia hii ya kuishiwa. Anayekuwa na kila kitu saa zote, jiulize anakipika lini.

Kwa mchuzi wa kuku sina mengi. Kuku wa kupaka wetu amependwa hata jikoni kwa Wahindi wa Afrika Mashariki, nao humwita kuku paka, kwa jina letu; kama ilivyo kwamba chapati na bajia na achari tumezipokea kutoka kwao pamoja na majina yake. Watu hubishana nani alimfundisha nani. Mimi ubishi huo huuacha mlangoni. Ninachodai ni kwamba kuku apakwe tui akiwa juu ya makaa, achomeke kweli, si kuchemshwa sufuriani kisha akamwagiwa rangi.

Sasa nije kwenye jambo la kubebea, ambalo waandishi wa mapishi hulipuuza. Zamani mchuzi tulifungiwa katika mfuko wa nailoni, ukafungwa fundo, ukaning'inizwa kwenye kidole mpaka nyumbani. Viazi vilifungwa katika gazeti. Mifuko ile ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, wauzaji walilalamika sana, na mimi pia nilinung'unika. Leo naona marufuku hiyo ilitupa kipimo kizuri kuliko vyote. Mtu haendi na bakuli lake mahali asipopaamini. Ukipita kichochoroni asubuhi ukakuta mabakuli yamepangwa foleni juu ya benchi, la bati, la plastiki, la udongo lenye ufa, na watoto wenyewe wanacheza kando wakisubiri, hapo usiulize zaidi. Weka la kwako nyuma. Tahadhari yangu ni moja: viazi na bajia usivifunike kabisa, vitajitolea jasho na kulegea, na ukwaju uchukuliwe peke yake.

Ni bakuli pia lililonifedhehesha.

Wakati wa mvua za El Niño, mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998, kipindupindu kilikuwa kimeenea sehemu nyingi za nchi. Mimi nilikuwa mkuu wa chuo. Nje ya lango letu walikuwa akina mama wanne wakiuzia wanafunzi asubuhi. Niliandika barua, nikatia sahihi na muhuri, waondoke wote. Barua ile ilikuwa na haki yake, maana roho za vijana mia kadhaa zilikuwa mkononi mwangu. Lakini ugonjwa ulipopita sikuifuta. Niliona lango limependeza, safi, halina moshi, na wakaguzi walipokuja walilisifu. Mmoja wa akina mama wale, muuza mbaazi, alikuja ofisini mara mbili kuniomba. Alisema, "Mwalimu, hata kuonja hujaonja." Nilimjibu kwamba si suala la kuonja.

Mwaka jana nilikuwa nikimlalamikia mke wangu kwamba mji mzima umesahau kupika mbaazi kama zile alizokuwa akipika yeye tulipokaa katika nyumba za chuo. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Kumbe mbaazi zile hakuwa akizipika. Kila Jumamosi na Jumapili alimtuma binti yetu na bakuli la bati la maua ya buluu, limefunikwa kitambaa, mpaka nyuma ya ua ambako mama yule alikuwa amehamia, hatua chache kupita mpaka wa amri yangu. Nilizila miaka sita, kila mara nikizisifu, na mara moja, nakumbuka, niliwaambia wageni mezani kwamba chakula cha namna hii hakipatikani barabarani.

Sikukasirika. Nilikaa kimya siku nzima, nikizikumbuka ripoti zangu zote za ukaguzi: usafi wa mazingira, nidhamu, mahudhurio. Hapakuwa na mahali pa kujaza kama kitu ni kizuri.

Mke wangu alinielekeza. Mama yule bado yuko, Majengo, amezeeka kama sisi. Mjukuu wake ndiye anayekuna nazi, yeye amekaa kwenye kigoda akishika upawa. Nilifika mapema, nikaliweka bakuli letu katika foleni, lile lile la maua ya buluu, rangi imeshaambuka ukingoni. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Zamu ilipofika alilichukua bila kunitazama, akaligeuza upande mmoja na wa pili.

"Bakuli hili nalijua," alisema. "Yuko wapi yule binti?"

Nikamwambia binti ameolewa Malindi. Nikamwambia na mimi ni nani.

"Nalijua na hilo," akasema, akaujaza upawa. Kisha akauzamisha tena chini kabisa ya sufuria, zilikokaa nzito, akaniongezea.

Nyumbani mke wangu alifunua, akanusa, akaonja. Alisema chumvi imezidi kidogo.