Tawi la Aliyeshindwa

Kila mcheza gemu amekufa mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Skrini inaingia giza, maandishi yanatokea, naye anabonyeza kitufe na kurudi pale alipokuwa kabla ya kuanguka. Katika mabanda ya gemu ya Mtwara, au ya Pemba kule Msumbiji, jambo hili halimshangazi mtu: umekufa, mpe mwenzako pedi, subiri zamu. Lakini yule uliyemwacha amelala sakafuni mbele ya adui, habari yake iliishia wapi? Na nchi aliyokuwa akiipigania iliendaje baada ya siku ile? Gemu zililipita swali hilo miaka na miaka, maana mchezo ni wa anayeendelea. Kisha Desemba 2011, katika mwaka wa 25 wa The Legend of Zelda, kikatoka Japani kitabu kiitwacho Hyrule Historia, na ndani yake mkawa na mchoro wa matawi matatu ya wakati. Tawi moja lilianzia mahali shujaa alipouawa.

Katika fani hii ya kutunga gemu sijaona uamuzi wa kijasiri kupita huo, na insha hii nimeiandika kuwasifu mafundi wake.

Kwa asiyezijua gemu hizo: ya kwanza ilitoka mwaka 1986. Karibu kila moja ina mvulana aitwaye Link, binti mfalme Zelda na nchi ya Hyrule, ila si Link yuleyule wala Zelda yuleyule. Majina yanarithiwa, karne zinapita. Njia panda ni Ocarina of Time ya 1998. Humo Link analala miaka saba, anaamka mtu mzima katika nchi iliyoharibiwa na Ganondorf, anapigana, anashinda. Zelda anamwonea huruma kwa utoto alioupoteza, anamrudisha miaka saba nyuma. Hapo wakati unapasuka. Kuna nchi aliyoiacha, imekombolewa lakini mkombozi hayupo tena. Kuna nchi aliyorudi, ambako yeye bado ni mtoto, balaa halijafika, na anaweza kuwahi kuonya. Na kuna ile ya tatu, ambayo mchezaji alikuwa akiifuta kila alipobonyeza kitufe: Link amekufa katika pambano la mwisho, wahenga saba wamemfungia adui kwa taabu, na vizazi vinavyofuata vinaishi na hofu kwamba siku moja atafunguliwa.

Ukitazama miaka ya kutolewa kwa gemu zenyewe ndipo unaona ugumu wa kazi hiyo. A Link to the Past, iliyowekwa katika tawi la kushindwa, ilitoka mwaka 1991, miaka saba kabla ya Ocarina iliyolizaa tawi hilo. Ile ya 1986 nayo imo humo. Yaani wajukuu walizaliwa kwanza, babu akatafutwa baadaye. Mafundi wa vyombo wa pwani yetu, kwa mtindo wa kale, hulaza mkuku, hupandisha mbao za ubavu, kisha ndipo huchonga mataruma, mbavu za ndani za chombo, kulifuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulipata. Huzunguka msituni kutafuta mti uliojipinda wenyewe kwa kiasi kile kile. Zelda ilijengwa hivyo. Mbao zilikuwa zimepigwa tayari, kila moja na mpindo wake, na ndani mlikuwa na uwazi uliohitaji taruma la umbo la ajabu. Walilolitafuta likaonekana mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama, katika kifo ambacho kila mchezaji alikuwa amekipata chumbani kwake na kukisahau.

Wapo wanaosema huko ni kubandika tu, kwamba waliokuwa na gemu zisizolingana walitafuta kisingizio. Ni kweli hazikulingana. Gemu ya 1991 inasimulia vita vya kale vilivyokwisha kwa wahenga kumfungia adui, na shujaa aliyeshinda hatajwi; iliposimuliwa zama yenyewe mwaka 1998, shujaa alikuwepo tena ameshinda. Mtunzi mvivu angesema gemu ya zamani haihesabiki. Hawa hawakumfukuza mtu nyumbani. Wakaiacha tofauti ibaki na kuipa sababu, na sababu yenyewe ikawa chungu.

Hapa naomba nitenge mambo mawili ambayo huchanganywa. Pwani yetu haijawahi kukosa hadithi yenye sura zaidi ya moja. Chukua habari za Kilwa. Kitabu cha Kiarabu kinasema mfalme na wanawe sita walitoka Shirazi katika merikebu saba, kila mmoja akashukia mahali pake. João de Barros, Mreno aliyechapisha habari zake mwaka 1552, anamtoa mwana mmoja tu, Ali, aliyedharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi, akasafiri na merikebu mbili. Wasimulizi wawili, watu wawili waliokuwa na haja tofauti. Hilo ni jambo zuri, ila matawi ya wakati ni jambo lingine. Wasimulizi wakitofautiana, tofauti iko vinywani mwao na tukio lenyewe ni moja. Katika matawi ya wakati tofauti iko ndani ya dunia, na fundi anadaiwa aonyeshe ilipozaliwa, nani aliizaa, na nani anaibeba.

The Wind Waker, ya mwaka 2002, ndiyo inayoonyesha deni hilo linavyolipwa. Iko katika tawi la nchi iliyobaki bila mkombozi. Adui alirudi. Watu wakamngoja shujaa wa hadithi, hakuja, kwa kuwa alikuwa amerudishwa utotoni mwake katika tawi lingine, kwa wema. Wakaomba miungu, na miungu ikaigharikisha nchi nzima. Walionusurika ni waliokimbilia vilele vya milima, na vilele hivyo sasa ni visiwa. Mchezaji anapewa mashua, tanga na uwezo wa kugeuza upepo. Sitaki kudai kwamba mtoto wa visiwa vya kati ya Rasi Delgado na Vamizi anahitaji Mjapani wa kumweleza upepo wa kusi. Lakini ninajua jinsi gemu hii inavyomgusa mtu wa bahari: unasafiri muda mrefu pasipo tukio lolote, unajua kwamba chini yako kuna mji, na hakuna katika wavuvi unaowakuta anayeukumbuka. Ushindi wa Ocarina, ambao wengi tuliushangilia, ndio uliowazamisha hawa. Mwishoni mfalme wa nchi iliyozama anapata nafasi ya kuomba chochote, naye anaomba bahari iimeze nchi yake kabisa ili watoto wakatafute nyingine. Angeweza kuomba wakati urudi nyuma. Watunzi walikuwa na chombo hicho mkononi na hawakukitumia.

Ningekuwa hakimu, ningewapa nafasi ya pili watunzi wa Chrono Cross, iliyotolewa na Square mwaka 1999, ingawa mfululizo wake ni mfupi. Serge ana umri wa miaka 17, anaishi Arni, kijiji cha wavuvi katika visiwa vya joto. Siku moja ufukweni anavuka bila kujua na kuingia dunia nyingine. Anarudi kijijini, nyumba ni zilezile, sura ni zilezile, na hakuna anayemtambua. Anaambiwa Serge alikufa maji miaka kumi iliyopita. Anapelekwa kwenye kaburi lake mwenyewe. Tofauti yote ya dunia mbili, vita na serikali na kila kitu, imetundikwa kwenye mtoto mmoja aliyezama au asiyezama.

Anayeishi pwani hahitaji kuelezwa kwa nini hilo linauma. Kila kijiji cha wavuvi kina jina ambalo halitajwi mbele ya mama fulani. Nguvu ya gemu hii imo katika vitu vidogo. Yuko mtu mmoja pale Arni ambaye katika dunia moja ni mvuvi, na katika nyingine ameacha bahari, anajifungia ndani na kumwabudu mwanasesere wa majani. Mchezaji anaweza kumchukulia jino la papa kutoka kwa nafsi yake ile nyingine. Hakuna mfalme wala jini katika kisa hicho. Ni mtu anayeonyeshwa alichoweza kuwa, na bado siamini kwamba gemu inatuambia yupi kati yao ndiye aliyepotea.

Mortal Kombat nitaipita upesi, japo pengine ndiyo inayojulikana zaidi mitaani kwetu. Ilianza mwaka 1992. Kufikia 2006 hadithi ilikuwa imejaa wapiganaji hadi wakauana karibu wote, na mwaka 2011 Raiden, mungu wa radi, akaipelekea nafsi yake ya zamani ujumbe ili mambo yageuzwe. Mwanzo huo ulikuwa mzuri kweli, kwa sababu Raiden wa zamani aliuelewa vibaya ujumbe wake mwenyewe na kuwapoteza aliotaka kuwaokoa, hata Liu Kang akafia mikononi mwake. Baadaye mkono ukalegea. Mwaka 2019 akaletwa mlinzi wa wakati, mwaka 2023 dunia ikaanza tena na Liu Kang akiwa ndiye muumba wake. Kila anayekufa unajua atarudi na nguo mpya. Tawi jipya limekuwa njia ya kufuta daftari la dukani, na mteja akishajua daftari hufutwa, kukopa hakumtishi tena.

Nimekuwa nikijiuliza fundi wa kweli angeanzia wapi akitaka kutunga gemu ya namna hii kwenye pwani ya Cabo Delgado. Jibu langu ni Rongui. Ni kisiwa kidogo cha matumbawe, kusini kidogo ya Ghuba ya Tungi ambayo leo ramani huiita ya Palma. Kasa hupanda mchangani kutaga, wavuvi huenda dago, yaani hupiga kambi ya muda ya uvuvi. Novemba 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar katika bara ianzie mdomo wa Mto Minengani, ndani ya ghuba hiyo hiyo, hadi Kipini. Desemba mwaka huohuo Wajerumani wakapatana na Wareno kwamba mpaka baina yao uwe Ruvuma. Na mapema 1887 Wareno wakaleta manowari, wakaitwaa Tungi kwa mizinga. Sultani mwenyewe, Sayyid Barghash, aliyekuwa akiidai, alifariki mwaka uliofuata. Ramani tatu katika miezi michache. Wajerumani wakaja kuchukua Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, mwaka 1894, Wareno wakairudisha mwaka 1916. Wakati huo wote mvuvi aliyelala Rongui angeweza kubadilishiwa bendera ya nchi kavu iliyo mbele yake pasipo yeye kuvua kanga ya kiunoni.

Mtunzi wa kwanza atakayeliona hilo atashawishika kutunga tawi ambalo Sultani hakushindwa Tungi na kulifanya pepo: shule kwa Kiswahili, uhuru mwaka 1961 badala ya 1975, jamaa wa ng'ambo mbili za Ruvuma wakioana bila karatasi. Asifanye hivyo. Pwani ya Sultani upande wa kusini iliuzwa kwa Wajerumani mwaka 1890, na Tungi ingekwenda nayo. Kijana wa Tungi angelikuta jeshi lililozima vita vya Abushiri, kisha angeiona 1905 na Maji Maji, na njaa iliyofuata. Katika tawi letu, kijana huyohuyo aliangukia Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kuitawala Cabo Delgado hadi 1929 kwa kodi ya vibanda na kazi za lazima, na akavuka Ruvuma kukimbia. Angekimbilia kulekule ambako nafsi yake nyingine inawakimbia Wajerumani kuja kusini. Fikiria wawili hao wakipishana usiku kwenye mto mmoja, kila mmoja akidhani ng'ambo kuna nafuu. Hapo kuna gemu.

Kuna njia panda nyingine ambayo itamvuta mtunzi zaidi, nayo ni Machi 24, 2021, siku Palma iliposhambuliwa na watu wakakimbilia porini na baharini. Hiyo ningemwomba aiache kwa sasa. Waliopanda vyombo siku zile wangali wanaishi katika tawi hilo, wengine bado hawajarudi kwenye viwanja vyao, na kuwapa kitufe cha kuanza upya ni kuwatania. Ya 1887 imeiva. Waliokuwepo wamekufa wote, wajukuu wapo, na ubishi haujaisha.

Kazi yenyewe haihitaji kampuni kubwa. Simu za vijana wa Palma na Mtwara zinatosha kuichezea, mradi maneno yawe ya Kimwani, Kimakwe na Kiswahili, na ramani isikose Minengani. Sharti langu ni moja tu, na nimelitoa kwa mafundi wa Zelda: mchezaji anayeuawa pale ghubani wakati mizinga ya Wareno inapolia asirudishwe nyuma. Gemu iendelee bila yeye, impe mtoto wa dada yake, aliyeachwa dago Rongui na mtungi wa maji ya siku mbili, naye ndiye aamue apige makasia kuelekea upande gani.