Jibu la Haraka kwa Asiyeamini Mungu

Hapa Sekei tuliulizwa na asiyeamini Mungu: wale wanafunzi 32 wa Arusha waliofariki katika ajali ya basi Karatu, Mei 6, 2017, walikuwa na kosa gani? Mwenzetu akakimbilia kujibu kuwa Allah (S.W.) aliwaepusha na madhambi ya ukubwani.

Jibu hili ni dhaifu, tena la zamani. Inasimuliwa kwamba Al-Jubbai, sheikh wa Muutazila, alilitoa, mwanafunzi wake, Imamu Al-Ash'ari (aliyefariki 324 H.), akamuuliza: je, kafiri aliyezeeka akisema, "Mola wangu, mbona mimi hukunifisha mdogo?" Al-Jubbai akakosa la kusema.

Yupo atakayetuletea kisa cha Khidhri katika Suratul-Kahf. Naam, lakini Khidhri alijulishwa. Mwenzetu kajulishwa na nani? Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele ya Masahaba.